Masomo Yaliyofichwa Ndani Mno

Duka la kuchapisha lilikuwa limefurika. Wanafunzi walikumbatia ripoti zao, wenye biashara walidai mabango yao, mashine ya kutoa nakala ilikohoa kama mzee mwenye kifua, na joto la karatasi lilichanganyika na manukato ya watu waliobanana mbele ya kaunta. Mwenye duka alikuwa amegeuza kioo cha kompyuta kiwaelekee wateja, ili kila mtu ahakikishe kazi yake kabla haijachapishwa. Ndiyo maana foleni nzima iliona kilichokuwa ndani ya flashi ya yule dada aliyevaa gauni la rangi ya machungwa.

"Faili lipi, dada?" mwenye duka aliuliza.

"Gauni jipya."

"Yako mawili."

"Basi lile lililoandikwa gauni jipya kweli."

"Hilo tupu. Kuna gauni hili hapa. Kuna gauni mwisho. Kuna gauni mwisho kabisa."

"Hilo hilo! Mwisho kabisa."

"Nayo yako matatu."

Foleni ikaangua kicheko. Nyuma ya yule dada alisimama kijana mwenye shati jeupe lililopigwa pasi likanyooka, begi la kompyuta limepita kifuani. Alikuwa fundi wa tovuti. Kazi hiyo alijifunza mwenyewe, kwa kubahatisha na kukosea, bila mwalimu wala cheti, na kama wengi waliojifundisha wenyewe, alitembea kana kwamba kazi yenyewe aliianzisha yeye.

"Dada," alisema, "nani alikufundisha kupanga mafaili?"

Dada akageuka. Utepe wa kupimia ulining'inia shingoni mwake, na kwenye ukosi alikuwa amechomeka pini ambazo bila shaka alizisahau.

"Na wewe, nani alikufundisha kuchungulia vitu vya watu?"

"Kioo kimeelekezwa huku. Sichungulii, naonyeshwa kwa lazima."

"Basi funga macho."

"Nikifunga macho nitakukosa."

"Eeeh!" foleni ikaitikia kwa pamoja.

"Kaka," mama mmoja alidakia kutoka nyuma, "mtafutie mwenzio faili lake tuhudumiwe. Uchumba mtaufanyia nje."

Kijana akamwelekeza mwenye duka apange mafaili kwa tarehe na kufungua lililokuja juu. Ndilo lenyewe: mchoro wa kukatia gauni, mkubwa kama mlango. Ulipotoka kwenye mashine, dada aliukunja taratibu, akapita katikati ya watu, na alipofika mlangoni ndipo akageuka.

"Asante, Bwana Mafaili."

"Karibu, Mwisho Kabisa."

Hakutaka kucheka, lakini alicheka. Naye kijana, kwa ujuzi wake wote, akasahau kuomba namba.

Bahati ilimrudia kupitia kazini. Chama cha mafundi cherehani kilimkabidhi tovuti yao aitengeneze. Tovuti ilikuwa na pande mbili. Upande wa wazi, mtu yeyote aliona picha za nguo na mahali mafundi wanapopatikana. Upande wa ndani ulikuwa wa wanachama tu; huko kulikuwa na masomo, na mlangoni ilikaa programu iliyomtaka kila mtu ataje jina na neno la siri kabla ya kumpitisha. Asubuhi moja, kabla hajamaliza hata kuipitia, simu ikalia.

"Wewe ndiye fundi wa tovuti ya chama?"

"Ndiye."

"Basi tovuti yenu ina wazimu! Mteja wangu anataka kuangalia gauni tu, anaulizwa neno la siri. Akifunga, anaulizwa tena. Kila picha na swali lake. Anaomba viza au anatafuta nguo?"

Ile sauti ilimpitia fundi mwilini kama maji ya baridi. Akatabasamu peke yake.

"Hilo gauni, dada, ni jipya, jipya kweli, au mwisho kabisa?"

"Usiniambie ni wewe."

"Ni mimi. Sikiliza nikueleze. Aliyenitangulia aliweka picha zote kwenye folda ya wanachama. Ukurasa uko nje, picha ziko ndani. Kila picha inapoitwa, mlinzi anauliza, nani huyo? Nazitoa picha nje, naacha masomo ndani. Kabla ya chakula cha mchana, mteja wako ataona gauni lake bila kuhojiwa."

"Kumbe una akili, si mdomo tu."

"Kila kitu kina mahali pake. Kitu kimoja, mahali pamoja. Kurundika nakala ni ugonjwa."

"Basi mimi ni mahututi."

"Nije kukutibu?"

"Njoo. Ila uje na adabu."

Alikwenda. Chumba cha kazi kilikuwa ghorofani, juu ya duka la rangi, dirisha moja kubwa na meza ndefu iliyojaa mabaki ya vitambaa. Alimkuta akikata, ulimi umetokeza pembeni ya mdomo kama mtoto anayeandika, akasimama mlangoni muda mrefu bila kubisha. Tangu siku hiyo hawakuachana. Fundi alimsubiri jioni amalize kufagia nyuzi. Walitembea hadi kituoni polepole, ili wachelewe. Alimwita Mwisho Kabisa hata mbele za watu. Yeye alimwita Bwana Mafaili, na akiwa na furaha zaidi, Bwana wangu.

Flashi ile fundi aliisafisha mwenyewe. Mafaili yaliyofanana akayafuta, akabakiza moja moja, kila moja na jina linaloeleweka. Ya kwenye simu ya mpenzi wake pia.

"Naona kama umenivua nguo," Mwisho Kabisa alisema akiangalia folda zilizopangika.

"Nimekuvisha, mpenzi. Ulikuwa matambara."

Mtu wa tatu katika mapenzi haya alikuwa shangazi. Ndiye aliyemlea Mwisho Kabisa, na ndiye aliyemfundisha kazi. Mwanamke mrefu, mwenye maringo, aliyepaka wanja hata siku ya kuosha vyombo. Alikuwa na kipaji ambacho mafundi wengine walikizungumzia kwa kunong'ona: alikata kitambaa bila mchoro na bila chaki. Alikitazama, akakipapasa, kisha mkasi ukaenda moja kwa moja, na vipande vilipounganishwa vilimkaa mteja kama ngozi yake. Kwa muda mrefu Mwisho Kabisa alikuwa akimrekodi kwa simu, kipande leo, kipande wiki ijayo, mikono ile ikikata kola, mabega, kiuno. Alitaka siku moja iwe masomo ya chama.

Kisha shangazi akapata kiharusi. Kilikuwa chepesi, madaktari walisema, akarudi nyumbani akitembea na akisema kama zamani. Ila mkono wa kulia ukawa unatetemeka. Hakuweza tena kushika kikombe, sembuse mkasi.

"Simu imejaa," Mwisho Kabisa alimwambia mpenzi wake baada ya siku zile za hospitali. "Nikikupa hizi video zote za shangazi, nikazifuta kwangu, hazitapotea?"

"Mpenzi, nitaziweka mahali ambapo hata mwizi mwenye ramani hafiki."

"Nina hizo tu. Mkono wake hautarudi."

"Niamini."

Akamwamini. Na hapo ndipo fundi, mwalimu wa kupanga vitu vya wengine, alipofanya kosa ambalo ni mtu wa namna yake tu angeweza kulifanya. Folda ya masomo hakuipenda, kwa sababu viongozi wa chama walikuwa na ruhusa ya kuingiza na kufuta, na mwenyekiti alikuwa na kidole chepesi. Programu ya mlangoni ilikuwa na folda yake yenyewe, kando ya folda za chama, na huko hakuna mwanachama wala kiongozi aliyeingia. Maelekezo ya programu yalisema wazi kwamba mtu asiweke vitu vyake humo. Aliyasoma, akayacheka. Maelekezo ni ya wanafunzi. Akaziweka video za shangazi humo, ndani kabisa, nakala moja tu, akalala akijiona amemfungia mpenzi wake hazina.

Toleo jipya la programu lilipotoka, alibonyeza kitufe cha kusasisha huku akinywa chai. Programu ikafanya ilivyoundwa kufanya: ikaondoa folda yake ya zamani yote, ikaweka mpya mahali pake. Alikunywa chai hadi nusu kikombe ndipo akakumbuka. Akafungua folda. Kila kitu kilikuwa kipya na kisafi, na video hazikuwemo.

Alitafuta mpaka macho yakawasha. Lilibaki jambo moja la kufanya, nalo lilikuwa jepesi: kuipigia simu kampuni inayotunza tovuti na kuwaomba nakala yao ya akiba. Lakini watu wale alikuwa amewagombeza mwezi uliopita. Aliwaambia kwa kinywa chake kwamba hawajui kazi, na kwamba yeye ndiye angepaswa kuwafundisha. Awapigie leo aseme nini? Kwamba amevunja sheria iliyoandikwa ukurasa wa kwanza? Alishika simu, akaiweka. Akajiambia atapata njia yake mwenyewe. Siku zote alikuwa amepata.

"Bwana wangu, nataka kumwonyesha shangazi lile somo la kola," Mwisho Kabisa alimwambia kwa simu. "Leo ana huzuni. Nifungulie."

"Subiri kidogo. Tovuti iko kwenye matengenezo."

Kesho yake: "Bado matengenezo?"

"Bado, mpenzi."

"Na jioni hukuja kunichukua. Nayo ilikuwa kwenye matengenezo?"

"Kazi nyingi."

"Sauti yako si ya kazi. Sauti yako ni ya mtu aliyejificha chooni. Kuna mwanamke?"

"Mwanamke gani tena?"

"Mimi nitajuaje, nimemwona? Nakuuliza wewe."

"Hakuna mtu!" Alimkaripia, akajisikia vibaya, akakata simu. Haikulia tena siku ile, wala iliyofuata.

Dada mkubwa wa fundi, aliyekaa naye nyumba moja, alimtazama akiisukuma sahani ya wali pembeni.

"Mdogo wangu, unaumwa au umeachwa?"

Akamweleza yote. Alikuwa hajamwambia mtu, na maneno yalimtoka kwa shida. Dada alimsikiliza mpaka mwisho bila kucheka, na hilo lilimtisha zaidi kuliko kama angecheka.

"Hao wanaotunza tovuti umewapigia?"

"Nitawaambia nini, dada, baada ya yale niliyowatukana?"

"Utawaambia nisameheni. Ni neno fupi. Wewe mdogo wangu utakufa na kiu huku umeshika kikombe, kwa sababu tu aliyekuchotea maji humpendi. Piga."

Akapiga. Aliyepokea alikuwa mwanamke mpole, ambaye hakumkumbuka hata kidogo wala yale matusi yake. Alimsikiliza, akabonyezabonyeza.

"Pole sana, kaka. Nakala ya akiba tunaitunza wiki moja, kisha mpya inakaa juu ya ya zamani. Hiyo unayotaka ilikuwepo mpaka juzi. Ungetupigia hata juzi asubuhi tungekurudishia."

Fundi alishukuru. Alikaa kwenye kiti, simu mkononi, akawaza jinsi alivyokuwa amelinda jina lake kwa watu ambao hata hawakulikumbuka.

Alimkuta Mwisho Kabisa peke yake juu ya duka la rangi, anapiga pasi. Amevaa nguo ya kijivu ambayo fundi hakuwahi kuiona, nywele zimebanwa nyuma kwa ukali.

"Karibu. Viatu uvue, nimefagia."

"Hakuna mwanamke," alisema akiwa bado mlangoni. "Video za shangazi zimepotea. Zote. Nilizipoteza mimi."

Pasi ilibaki juu ya kitambaa mpaka harufu ya kuungua ilipowafikia. Mwisho Kabisa akainyanyua, akaisimamisha. Fundi akaeleza yote: folda, maelekezo aliyoyacheka, kitufe, chai. Kisha akaeleza na ile simu ya kampuni, aliyochelewa kuipiga. Angeweza kuiacha. Hakuna ambaye angejua.

"Mpaka juzi," Mwisho Kabisa alirudia.

"Mpaka juzi."

"Kufuta, ningekusamehe hapa hapa. Mimi mwenyewe nimechoma vitambaa vya watu, kama hivi." Alikigusa kile chenye alama ya kahawia. "Lakini ulikuwa na wiki nzima. Wiki nzima, na nilipokupigia uliniambia matengenezo. Ungeniambia, ningewapigia mimi, ningewalilia mimi. Mimi sina aibu linapokuja suala la shangazi. Wewe uliiweka aibu yako kwenye mizani, upande wa pili ukaweka mikono yake, ukaona aibu ndiyo nzito."

"Ni kweli."

"Na lile rundo langu la gauni hili hapa na gauni mwisho, uliloliita ugonjwa! Ungeniachia tabia yangu, leo ningekuwa na nakala ya video hata mbovu."

"Ni kweli pia."

"Usinikubalie kila kitu!" Alifuta macho kwa kiganja. "Nenda. Nikitaka kukuona nitakuita."

Akaenda. Hakumpigia, ingawa vidole vilimwasha. Alijifunza kitu kigumu kwa mtu wa aina yake, kukaa bila kujitetea. Akarudia kazi yote ya chama: picha nje, masomo ndani, programu ya mlangoni ikaachwa peke yake kwenye folda yake, na kila kitu kikawa na nakala mahali zaidi ya pamoja. Mwenyekiti alipomsifu, aliona haya.

Aliyemwita mwishowe hakuwa Mwisho Kabisa.

"Wewe kijana," sauti kwenye simu ilisema bila salamu. "Shangazi hapa. Njoo kesho na hiyo kamera yako."

"Shikamoo shangazi. Nilitaka kuja kukuomba radhi, nikaogopa..."

"Marahaba. Radhi utaniomba ukiwa unafanya kazi. Zile video zenyewe nilizichukia. Nimerekodiwa na khanga ya kulalia, sijapaka hata wanja. Tena mikono tu, kimya, kama bubu. Nani angejifunza pale? Sasa mikono itakuwa ya huyu mwanangu, mdomo utakuwa wangu. Yeye hawezi kukata huku ameshika simu. Saa nne. Usichelewe."

Alipofika, shangazi alikuwa amekaa kwenye kiti cha mikono karibu na dirisha, amevaa gauni la zambarau na hereni ndefu, mkono wa kulia ameuficha chini ya mtandio. Mwisho Kabisa alikuwa mezani. Hakuinua macho.

"Shangazi, mwambie mgeni wako asogeze taa. Inanipiga usoni."

"Umesikia?"

"Nimesikia, shangazi. Mwambie naye asiegemee meza, picha inacheza."

"Mwambie meza ni yangu."

"Nyinyi!" shangazi aliwaka. "Mimi nina kiharusi, si simu ya kupitishia salamu. Zungumzeni!"

Wakarekodi asubuhi ile, na nyingine, na nyingine. Na fundi, macho kwenye kioo kidogo, aliona kitu ambacho video za zamani hazikuwa nacho. Shangazi alieleza kwa nini. Kwa nini kitambaa kipapaswe kwa upande wa kiganja na si kwa vidole, kwa nini mkasi usifungwe mpaka mwisho, namna ya kusikia uzi ukivutika kabla haujakatika. Alikemea, alicheka, alimwita mwanawe mkaidi. Wakati mwingine aliitazama tu mikono ile ya mwanawe ikifanya alichokuwa akikifanya yeye, na fundi hakuzima kamera. Yaliyopotea yalikuwa yamepotea. Hakuna aliyejidanganya kwamba haya ni yale. Mikono ile haitaonekana tena.

Siku ya somo la mwisho, walibakiza hariri nyembamba ya kukatwa mshazari, kitambaa kinachoteleza kikiguswa tu. Shangazi alieleza yote, kisha akasema amechoka, akaenda kujinyoosha chumba cha pili na kuacha mlango wazi.

"Njoo ushike huku," Mwisho Kabisa alisema. Yalikuwa maneno ya kwanza kumwambia moja kwa moja bila kumtuma shangazi. "Usivute. Usilegeze. Shika tu."

Fundi aliiacha kamera kwenye stendi yake, akashika pembe za hariri. Mkasi ukaanza kwenda.

"Umeziweka wapi, hizi mpya?"

"Kwenye folda ya masomo. Na kwenye diski niliyompa shangazi. Na kwa dada yangu. Na kampuni inayotunza tovuti wana zao. Niliwaomba wanionyeshe jinsi nakala inavyorudishwa, wakanionyesha."

"Uliomba?"

"Niliomba. Na nilisema nisameheni."

"Ulikufa?"

"Kidogo."

Akacheka, kwa pua, bila kuinua uso. Mkasi ulifika katikati. Fundi alitazama ule ulimi uliotokeza pembeni ya mdomo, na yote aliyokuwa ameyapanga kuyasema kwa utaratibu yakavurugika.

"Nioe," alisema. "Yaani, nikuoe. Yaani naomba, ukikubali. Sina mpango wa kusema vizuri."

Mkasi ukasimama.

"Unaniuliza sasa? Nikiwa katikati ya hariri?"

"Nimeshindwa kungoja."

"Basi ngoja. Nikikujibu sasa, mkono utatetemeka."

"Huko mmenyamaza nini?" shangazi aliita kutoka chumba cha pili. "Kitambaa kishakatika?"

"Bado, shangazi!"

"Malizeni kwanza! Hiyo haina wa kuirudisha!"

Fundi akashika. Hakuvuta, hakulegeza. Alitazama mkasi ukitembea kuelekea kwake, pole pole, inchi kwa inchi, mpaka ukafika kwenye vidole vyake na kipande cha mwisho kikaachana na kingine bila sauti. Mwisho Kabisa aliuweka mkasi mezani. Akajifuta viganja kwenye gauni, kulia na kushoto, akamtazama usoni.

"Haya," alisema, na sasa mikono yote miwili ilikuwa inatetemeka. "Uliza tena."